Nyumba za hausing hapa Marekani: miaka 2 ndani, mimi upande wa familia, mama jengo la wazee

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza hausing ikoje, aombe au asiombe, basi acha niandike yote mara moja. Ofisi yetu siitaji jina, bado tunaishi humo na mle ndani kuna watu wema kabisa.

Kwanza tuelewane, nazungumzia nyumba za umma zenyewe, sio Section 8. Section 8 unapewa voucha ya kusaidia kodi unaenda kuhangaika na wenye nyumba mtaani, hii jengo ni mali ya mamlaka ya nyumba ya mji, wao ndo wanapokea kodi, wao ndo wanaleta fundi bomba likipasuka, na hela na sheria zinatoka HUD, yaani wizara ya nyumba ya serikali kuu. Kuna majengo ya familia na kuna ya wazee na watu wenye ulemavu. Mimi na wanangu wawili tuko la kwanza, mama yuko la pili, dakika 10 kwa basi.

Foleni jamani. Mimi nilikaa miaka 3 na miezi 4, mama mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa nadhani ni uvivu wa ofisi, kumbe kuna sheria ya 1998 inayosema hela ya HUD haiwezi kuongeza nyumba kupita idadi ambayo kila mamlaka ilikuwa nayo tarehe 1 Oktoba 1999, yaani watu wanaongezeka nyumba ziko palepale, mpaka mtu ahame ndo wewe usogee. Na kitu kinachowaumiza watu wetu wengi ni barua. Ofisi wanatuma barua kuuliza kama bado unahitaji nyumba, sasa wewe umeshahama mara mbili toka ujaze fomu, barua imeenda anwani ya zamani, hujajibu, jina limefutwa. Jirani yangu ilimkuta hivyo baada ya miaka 4 akaanza upya, alilia pale dirishani ofisini nikakosa la kumwambia. Kwahiyo ukihama tu peleka anwani mpya siku hiyohiyo, wape karatasi wakugongee muhuri ubaki na kopi. Na kuomba ni bure, mtu akikwambia toa hela ya fomu huyo ni tapeli.

Kodi sasa, hapa nawapa maua yao. Wengi wetu tunalipa asilimia 30 ya kipato baada ya makato. Wanakukatia kwa ajili ya watoto, wanakukatia hela unayomlipa mlezi ukiwa kazini, na kama mkuu wa kaya au mwenza wake ana miaka 62 kwenda juu au ana ulemavu kuna makato yao pia, pamoja na sehemu ya gharama za matibabu. Ukibaki na dola 1,000 kwa mwezi unalipa 300, ukibaki na 600 unalipa 180. Kule nilikotoka nusu ya mshahara na zaidi ilikuwa inaishia kwenye kodi tu. Mwaka jana kazini walinipunguzia masaa toka 40 hadi 24, nikapeleka karatasi za mshahara ofisini wiki ileile na mwezi uliofuata kodi ikashuka. Mwenye nyumba wa kawaida ungemwambia hivyo angekuonesha mlango. Ila hesabu zao uzipitie mwenyewe, mimi waliwahi kuchukua ovataimu ya Desemba wakaihesabu kama naipata mwaka mzima. Niliandika barua kuomba kikao cha malalamiko, ni haki ya kila mpangaji, na kabla hata ya kikao wakarekebisha.

Nije kwa mama maana hapo ndo nilipojifunza. Mama alipata kiharusi, mguu wa kulia na mkono wa kulia havina nguvu. Jengo zuri, kuna rampu mlangoni, korido pana, ila bafu lake lilikuwa lile beseni la kuogea lenye ukingo mrefu. Nilikuwa naenda kumuogesha, namwona anashika paja lake kwa mkono wa kushoto, anaunyanyua mguu kama mzigo, anauvusha, alafu anapumzika kidogo kabla ya kuvusha mwingine, maji yanachuruzika na hakuna cha kushika zaidi ya bega langu. Siku nisipokuwepo haogi. Niliwaambia dirishani mara tatu, "sawa tutaangalia", miezi 5 ikakatika. Na hakuna aliyekataa, nisiwasingizie, ila neno la mdomo pale linapotea tu, dada wa dirishani akibadilishwa limeondoka naye.

Mzee mmoja wa ghorofa ya mama, yeye anatumia kiti mwendo miaka mingi, ndo alinifungua macho. Akasema andika barua, taja kwamba unaomba marekebisho kwa ajili ya ulemavu, weka tarehe, ambatanisha neno la daktari. Daktari hana haja ya kueleza ugonjwa wote, anasema tu mama anahitaji kitu fulani na kwanini. Sheria ya 1973 inawabana wanaopokea hela ya serikali kuu wasimbague mwenye ulemavu, na kwenye nyumba za umma marekebisho ya namna hii gharama ni ya ofisi isipokuwa kama ni mzigo mkubwa kupita uwezo wao. Nilipeleka Jumatatu, baada ya siku 16 fundi kaja.

Huyo fundi Mungu ambariki. Hakupiga vyuma vya kushikia palepale kwa vipimo vya kitabu tu. Alimwomba mama akae kwenye kiti cha kuogea, nikamtafsiria, akamwambia nyoosha mkono wa kushoto kama unataka kusimama. Mama akanyoosha, pale vidole vilipogusa ukuta jamaa akaweka alama ya penseli. Akamwomba arudie mara ya pili, akaweka nyingine chini kidogo. Vyuma viko pale mpaka leo na mama anaoga mwenyewe.

Lifti sasa, hapo nimekasirika na bado nina hasira. Ilikufa siku 9. Mama yuko ghorofa ya 6, yule mzee wa kiti mwendo ya 8. Kliniki walikosa wote wawili. Ofisi walibandika karatasi tu "lifti ni mbovu, samahani", hawakupita mlango kwa mlango kuuliza nani hana dawa, nani hana chakula, tulipita sisi watoto wa wazee na kijana mmoja mlemavu wa macho ambaye anazijua zile ngazi kuliko wote. Najua majengo ni ya zamani na hela ya ukarabati haitoshi nchi nzima, ila kugonga mlango haihitaji bajeti.

Kuna wazee wanalalamika eti jengo limechanganywa na vijana wenye ulemavu, kelele. Mimi siungani nao, kelele zipo lakini yule kijana mlemavu wa macho ndo alimpandishia mama maji ya kunywa siku 4 mfululizo.

Kama ni nyota nawapa 3 na nusu, na nisingerudi kule nilikotoka kwa lolote. Mama sasa ameomba kwa barua ahamishiwe nyumba ya chini yenye bafu la kuingia bila ukingo, wamejibu kwa barua kwamba ni wa pili kwenye orodha. Kopi ninayo.