Makao ya halmashauri: duka kuu lililofungwa au jengo jipya?

Mji wa Japani unaopungukiwa na watu ukihitaji makao mapya ya halmashauri, unaweza kufanya kama Tochigi mwaka 2014: ofisi zilihamia kwenye jengo la duka kuu lililofungwa, ghorofa ya chini ikabaki ya biashara. Maegesho na lifti vipo tayari. Ila angalia kwanza tarehe ya kibali cha ujenzi: majengo ya kabla ya Juni 1981 yalifuata kanuni za zamani za tetemeko, na kuyaimarisha hula fedha nyingi. Sakafu za duka ni pana, katikati giza. Kabati za mafaili, kwa uzito wake, zikae karibu na nguzo.

Kujenga upya hukupa ukubwa unaoutaka, na hapo ndipo penye mtego. Ukipima kwa idadi ya watu ya leo, miaka 20 baadaye utakuwa unapasha joto vyumba vitupu.