Chumba cha mikutano ya video: skrini ya kugusa au kebo ya USB?

Mkutano ukianza kwa "mnanisikia?" mara tano, wengi humlaumu mtumiaji. Mimi hukitazama chumba kwanza.

Kwa urahisi, skrini ya kugusa mezani inaongoza. iPad yenye programu ya kuongoza Zoom Rooms, mfumo wa Zoom wa vyumba vya mikutano, huonyesha mikutano ya siku kutoka kalenda ya chumba. Unagusa kitufe cha kujiunga, basi. Hata mzee asiyependa kompyuta haogopi. Lakini kuna leseni ya chumba, kompyuta yake, na masasisho yanayohitaji fundi. Ikiganda naye hayupo, mmekwama.

Kebo ni rahisi mfukoni: kamera na kipaza sauti vya USB, unachomeka laptop yako. Zoom, Teams au Meet, zote zinakubali, maana mkutano unaendeshwa na mashine yako mwenyewe. Tatizo ni mipangilio. Mtu anasahau kuchagua maikrofoni ya chumba, sauti inaingia kupitia maikrofoni ya laptop, na wa mbali wanasikia mnong'ono. Laptop mbili zikiwashwa sauti chumba kimoja, mwangwi unaanza. Karatasi yenye hatua tatu, iliyobandikwa mezani, inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 nayo isizidi mita 5.

Una fundi, na ofisi nzima inatumia huduma moja? Chukua skrini. Ukumbi wa kukodisha, ambako kila mgeni huja na huduma yake, utafaidika zaidi na kebo.