Mchoraji wa Makoroboi: mkono anao, fremu ni hovyo

Nilitaka picha ya mama ya kutundika sebuleni, iliyochorwa kwa mkono. Za simu ninazo tele, na zote kakaza uso kama anasubiri kupigwa sindano. Nikaelekezwa kwa kijana mwenye kibanda uchochoroni, Makoroboi, hapa Mwanza mjini.

Bei ni shilingi 150,000 kwa turubai ya sentimita 60 kwa 80, unatanguliza nusu. Wapo wanaochukua pungufu ya hapo, ila hao wanakopi pasipoti saizi, kisha nyuma ya mtu wanakubandikia maporomoko ya maji. Huyu alianza na maswali. Mama anafanya kazi gani? Dagaa, Mwaloni Kirumba. Kanga anaifunga vipi akiwa kazini? Akikasirika anatazama wapi? Halafu akasema mlete. Mama akaja, akakaa, akaendelea kugombana na wateja wake kwenye simu huku kijana anachora kwa penseli.

Kazi imetoka. Chini ya macho kapaka zambarau iliyofifia, na ukisogea unaona kijani ndani ya vivuli vya shingo. Vidole vimeshika pindo la kanga, penye chembe za dagaa zinazometa. Nyuma kaweka vichanja vya kuanikia. Jiwe la Bismarck hakuligusa, namshukuru, maana Mwanza hii kila picha ina jiwe lile.

Ukutani kabandika nakala ya picha ya Obama aliyoichora Kehinde Wiley, iliyozinduliwa Washington mwaka 2018. Alinionyesha maua yaliyomzunguka: asumini kwa ajili ya Hawaii alikozaliwa, krisanthemamu za Chicago, na ya buluu kwa Kenya ya baba yake. Siku ileile ilizinduliwa ya Michelle, ambaye Amy Sherald alimpaka ngozi ya kijivu. Watu wenye simu mfukoni walifurika kuziona, kwa hiyo anayesema kamera imeua uchoraji wa sura mimi simwelewi.

Lawama zipo. Alipitiliza ahadi, na simu akawa hapokei. Fremu yake ni mbao mbichi, imeshapinda. Chukua turubai tupu ukafungiwe na seremala. Mama naye analalamika kazeeshwa. Hajazeeshwa.

Watoto wadogo hachori, anasema hawatulii. Asubuhi humkuti; nenda kuanzia saa nane mchana, uende na mtu mwenyewe.