Open Camera kwenye tangi la samaki: HDR yake ni ya mawe, samaki mtafutie njia nyingine

Kwa mwenye tangi la samaki sebuleni hapa Tanga anayetaka picha ya maana bila kununua kamera, Open Camera inatosha kuanzia. Ni programu ya Android, ya bure, haina matangazo. Muonekano wake umepitwa na wakati, lakini mipangilio imejaa.

Kitufe cha HDR hupiga picha tatu za mwangaza tofauti na kuziunganisha papo hapo. Weupe wa maji chini ya taa hupoa, mchanga wa chini hutoka gizani, mawe na majani hupendeza kweli. Samaki aliyepita wakati huo, hata hivyo, huweza kutoka na mikia miwili.

Bora utumie Expo, hali nyingine ya programu hii, inayokuachia picha zote tatu bila kuziunganisha. Kwanza ingia kwenye mipangilio uchague Camera2 API, njia inayoiruhusu programu kuiendesha kamera yenyewe. Simu isiyo nayo ndiyo basi. Weka picha 3, tofauti ya stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu), ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya chini kabisa, na shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/25 ya sekunde. Hiyo 1/25 ina sababu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na LED nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukianzia 1/25 unapata 1/100, 1/25 na takriban 1/6, na kila moja inabeba mipepeso kamili. Ukianzia 1/50, ya haraka inakuwa 1/200 na milia ya giza inakatiza picha. Taa yenye kipunguza mwanga ipandishe hadi mwisho, maana ikipunguzwa hupepesa kwa mwendo wake.

Rangi usiiachie simu: kwa tangi la maji baridi, yasiyo na chumvi, funga kwenye 6500K, kipimo cha rangi ya mwanga kama wa mchana. Kwa la maji chumvi lenye taa za buluu, angalia histogramu ya rangi, grafu inayoonyesha kiasi cha kila rangi kwenye picha. Buluu ikigonga ukingo wa kulia hata kwenye picha yenye giza kuliko zote, HDR haikuokoi. Punguza taa hiyo, na milia ikizuka sogeza shata.

Zima taa za sebule, funga pazia, tundika kaniki yenye tundu la lenzi mbele ya kioo. Simu ikae kwenye stendi, ikitazama kioo moja kwa moja; ukiipiga ubavu, kingo za samaki zinafifia na kuota rangi. Tumia kipima muda cha sekunde 2. Pampu izimwe dakika 10 hivi majani yatulie, kisha iwashwe mara moja: kwenye joto la Tanga maji hushika oksijeni kidogo.

Kuunganisha, Luminance HDR, programu ya kompyuta, ni ya bure na inafanya kazi nzuri kuliko kitufe cha simu. Matokeo yake yafungue kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, weka picha ya 1/100 juu yake, ufute kila kitu isipokuwa samaki. Kwa wanaotulia inakubali. Wale wa kukimbizana, hata 1/100 haiwashiki.