Simu janja ya elfu 180, miezi minne mkononi mwa babu

Simu hii niliichukua Mtwara mjini mwezi wa kumi, hela ya mnada wa kwanza wa korosho ilipoingia benki. Shilingi 180,000, na kava juu. Jina la kampuni nalihifadhi, maana aliyeniuzia ni mkwe wa jirani yangu hapa Mikindani na bado tunazikana.

Ya haraka kwanza. Betri inakaa siku moja na nusu. Juani kioo kinakuwa cheusi tii. Nikiwa shamba lazima niingie chini ya mkorosho ndiyo nisome. Herufi zinaongezwa ukubwa mpaka naacha miwani ndani. Kamera, wajukuu wanasema ya kawaida.

Nilichoifuata hasa ni kundi la WhatsApp la bibi na babu tunaolea wajukuu, wazazi wao wakiwa Dar wanahangaika. Tupo 61, wanaume 19. Nilidhani hao 19 wamelala. Msimamizi wetu, bibi mmoja mkunga mstaafu, alishatusema: "Akina babu, mnasoma tu kama wakaguzi wa mahesabu! Nawaona." Kweli anatuona, kwani ukituma ujumbe kwenye kundi unaweza kuangalia nani kausoma. Tunasoma kila kitu. Ila hatusemi, na sehemu ya lawama naipeleka kwa simu.

Ilikuja na kibodi ya Kiingereza inayojisahihisha yenyewe. Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa, "Mimi babu mgeni, nawasalimu nyote." Ikatoa babu, ikaweka baby. Sikuona mpaka nimeshatuma. Kufuta nilifuta, lakini inabaki alama kwamba kuna kitu kimefutwa, na walioona wameshaona. Akina bibi walinitania wiki nzima. Mmoja mpaka leo ananiita hivyohivyo. Wao wakikosea wanachekana, yanaisha. Mimi nilifunga mdomo hadi Desemba. Mjukuu wangu wa kidato cha pili (mchumba wangu huyo, bibi yake anamwita mke mwenza) ndiye aliyeingia kwenye mipangilio, akazima masahihisho na kuweka Kiswahili. Dakika 2. Muuzaji angeshindwa nini kuifanya dukani?

Halafu kuna kuandika kwenyewe. Nimekuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho tangu stakabadhi ghalani (mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa karatasi ya kilo zake, zinauzwa mnadani) ilipoanza, 2007. Kwangu kilichoandikwa ni ushahidi: ukikosea kilo, mkulima atakuja na karatasi yake mwakani. Kibarazani kwenye kahawa nasema jambo, wanabisha, naligeuza palepale, nani atakumbuka? Kwenye kundi maneno yanakaa.

Ila kubwa kuliko yote si kosa la simu yoyote. Novemba bibi mmoja aliuliza: mjukuu wake wa kiume anaingia jando likizo ya Desemba, amtayarishie nini? Kimya. Wanaume 19 tumesoma, tumetulia. Hayo hayasemwi mbele ya wanawake, kama wao wasivyoweza kumwaga ya unyago mbele yetu. Mimi nilimpigia mumewe. Baadaye nikasikia wengine wanne walimpigia pia, simu yake ililia jioni nzima. Msimamizi akaandika, "Akina babu, hata hili?" Na yanayobaki, tumbo la mtoto, kitovu, kuchua, ni ya akina bibi, babu ukitia neno utaulizwa ulizaa lini.

Kinachoiokoa simu hii ni kurekodi sauti. Unabonyeza, unashikilia, unasema, unaachia. Ukihisi umeharibu unatelezesha kidole kushoto kabla hujaachia, na hakuna atakayejua. Hiyo ndiyo baraza yenyewe. Spika yake kali, na usipotaka bibi wa nyumbani asikie, unaiweka sikioni, sauti inahamia humo.

Januari mtoto wa mwenzetu alikuwa anachoma korosho kwenye bati, mafuta ya ganda yakamrukia mkononi. Hapo nipo kwangu. Nikasema kwa sauti: sabuni na maji mengi, asijishike macho, yakitoka malengelenge yasipasuliwe, apelekwe zahanati. Sekunde 40, na jogoo wangu anasikika vizuri. Mara babu mmoja wa Msimbati, ambaye tangu nijiunge sijawahi kuona hata salamu yake, naye akatuma sauti: "Sahihi. Na majivu msimpake." Nne tu hizo sekunde, lakini nilizirudia.

Naipa nyota tatu. Waya wa chaji ulikufa baada ya miezi mitatu, nimenunua mwingine kwa 5,000. Ukienda kununua, usiondoke dukani mpaka kibodi iwekwe Kiswahili, kisha andika neno babu palepale uone linatokaje.