Tahadhari Lubumbashi: anayejidai kugeuza taa za gari za Japani

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaosafiri usiku barabara ya Kasumbalesa au Likasi: kuna jamaa anazunguka kwenye parkingi za magari yaliyoingia karibuni, na mkobani ana ampuli za LED na kifaa chenye skrini. Anadai kwa dola 40 atageuza taa za gari la Japani ziwe za Kongo. Msimpe pesa.

Japani, kama Zambia, wanaendesha kushoto, sisi kulia. Taa ya chini (ile ya kupishana) ya gari lao imeundwa ili mwanga uinuke kidogo upande wa kushoto, umulike ukingo wa barabara. Likifika kwetu, mwanga ule unamchoma machoni dereva wa lori anayekuja, na ukingo wako wa kulia, wanakopita wauza makala (mkaa) na baiskeli zao, unabaki giza.

Umbo hilo liko ndani ya taa yenyewe. Skrubu za nyuma zinapandisha, zinashusha na kusogeza pembeni, basi. Kuna taa chache za projekta (zenye lenzi ya mviringo ndani) zenye kiwiko cha kubadili upande, lakini jamaa hata hatazami kama kipo.

Kwenye RAV4 ya shemeji yangu alichomoa ampuli za H4, zile za kawaida za waya, akapachika LED, akazungusha skrubu mpaka mwanga ukafika dirisha la ghorofa ya jirani. Shemeji akafurahi, eti anaona mbali! Usiku ule malori yote yakawa yanamwashia taa kwa hasira. Kioo cha taa kilichopangiwa waya wa ampuli ya kawaida hutawanya mwanga wa LED ovyo. Anauza pia ampuli za wati 100, ilhali H4 ya kawaida ni wati 60 kwa taa ya juu na 55 kwa ya chini; hizo za wati 100 zinaweza kuyeyusha plagi.

Pimeni wenyewe. Gari kwenye sakafu tambarare, upepo wa tairi sawa, mita 5 kutoka ukutani. Mstari wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hivi chini ya kimo cha katikati ya taa. Mstari huo ukiinuka upande wa kushoto, tafuteni taa za toleo la nchi za kuendesha kulia. Ni ghali kweli, lakini skrubu haiwezi kufanya kazi hiyo. Kwa sasa shusheni taa kidogo.

Akiwafuata, mwambieni awashe taa mbele ya ukuta kabla hajagusa kitu. Shemeji alipomwomba hivyo, jamaa alikataa, akasema mashine yake inatosha. Sasa simu ya jamaa haipatikani.