Nyuzinyuzi za Keki: Kabla Hujanunua, Pima Kiu Yake

Idi iliyopita nilimwokea mama mkwe keki ya pumba za ngano. Akatafuna, akatafuna, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, chai haijaiva? Hii yataka kusukumwa."

Rojo lilikuwa laini nilipolikoroga. Nikangoja makaa yashike, na niliporudi mwiko ulikuwa umesimama wima. Nikaongeza maziwa kwa kukisia, keki ikadidimia katikati.

Pakiti zote hushindana kutaja gramu za nyuzinyuzi. Hakuna inayokwambia zitakunywa maji kiasi gani, na keki huharibikia hapo hapo. Nyuzinyuzi hunyonya taratibu, hata baada ya wewe kumaliza kukoroga. Rojo hukaza, mapovu ya baking pauda hushindwa kutanuka, keki hutoka fupi, nzito na ya rangi ya kuiva zaidi. Kwa hiyo nunua kidogo kwanza. Tia kijiko kimoja ndani ya vijiko vitatu vya maji, subiri dakika 15. Yakibaki maji ya kumwaga, hiyo haina makuu. Ikiwa uji, ongeza maziwa tangu mwanzo. Ikiwa jeli, ogopa.

Namba moja kwangu ni unga wa Exe Atta Mark 1, na sioni haya kupendelea. Pumba zimo tayari ndani ya unga, hakuna cha kupima pembeni. Nauchanganya nusu kwa nusu na unga mweupe, naongeza vijiko viwili vitatu vya maziwa, naacha rojo lipumzike dakika 10 ndipo natia baking pauda. Wageni hawashtuki.

Ya pili ni oti, ukizisaga kwenye blenda. Zina utelezi unaoshika maji, hivyo keki ya jana bado huliwa bila chai.

Pumba tupu nimezishusha hadi ya tatu. Gramu 100 zina nyuzinyuzi gramu kama 43, unga mweupe haufiki hata 3, sawa, lakini chembe zake kubwa hutoboa mapovu. Zisage, uziloweke kwenye maziwa ya moto, na usizidishe vijiko viwili kwa kikombe cha unga. Za kupimiwa kwenye gunia ni rahisi. Nusa, zikiwa zimechacha ziache.

Isabgol, yaani maganda ya mbegu za psyllium, ni ya mwisho. Kijiko kimoja cha chai chatosha keki nzima, ukizidisha utakata mpira.

Na hizi pumba za "afya" jamani! Ni zile zile anazolishwa ng'ombe, zimetiwa kwenye kipakiti kinachong'aa na kuchorewa jani la kijani, bei ikapaa. Aliyeniuzia zangu nilimrudia nikamuuliza zinanyonya maji kiasi gani. Akanitazama toka juu hadi chini, akanijibu, "Dada, hizi ni za asilia."